Chupa Kwanza, Pakiti Baadaye

Mwezi Januari hapa Edmonton, mkate ukisahaulika mezani usiku, asubuhi unaukuta mgumu kama ubao. Sisi tuliokulia Tanga, ambako chumvi hugandamana ndani ya kopo na biskuti hulegea kabla pakiti haijafika nusu, huchukua miaka kuzoea hali hii. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri haibebi hata gramu moja ya mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikiingia ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 20 juu ya sifuri, ina uwezo wa kubeba gramu 17. Kama si pumzi zetu, sufuria ya maharage na maji ya kuoga, unyevu wa nyumba ungekuwa asilimia 5 tu. Kipimo changu cha ukutani leo kinasoma 18.

Katika hewa hiyo ndimo watu wa huku wanamohifadhi bangi. Kanada iliihalalisha kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018. Hapa Alberta umri ni miaka 18, mikoa mingi ni 19, Quebec ni 21. Kwetu Tanzania na Kenya ni kosa la jinai, na kutoka nayo Kanada ni kosa hata kama safari ni ya kwenda jimbo la Marekani linaloiruhusu. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya mnunuzi wa hapa, anayelipa kwa risiti na anataka alichokilipia kisiharibike kabatini.

Jirani yangu ni mmoja wa wanunuzi hao. Ni mama wa makamo kutoka Bukavu, daktari wake amemwandikia bangi, naye huagiza ya mwezi mzima kwa mara moja. Siku moja alinifungulia kopo lake akasema, "Kaka, nusa. Ilipofika ilinukia ndimu. Sasa inanukia nyasi." Nikanusa, na kweli ilikuwa nyasi. Maua yalivunjika vidoleni kama majani ya chai. Dukani walikuwa wamemshauri anunue pakiti za kudhibiti unyevu, boksi zima la pakiti kumi, na alikuwa amezinunua. Alizitia ndani ya kopo lile lile la plastiki lenye kifuniko kilicholegea. Wiki tatu baadaye pakiti zilikuwa zimekauka na maua yalikuwa vile vile.

Pesa zile ziliniuma kana kwamba ni zangu, ndiyo sababu nikakaa na kalamu nikapiga hesabu ninayowapa hapa.

Pakiti yenyewe ni kitu rahisi kuelewa kwa yeyote aliyewahi kuona chumvi ikilia maji wakati wa masika. Chumvi iliyolowa, ikifungiwa mahali pamoja na hewa kidogo, huivuta hewa ile hadi kiwango kimoja na kuishikilia hapo. Ikizidi unyevu, chumvi hunywa, ikipungua, hutoa. Kila chumvi ina kiwango chake. Chumvi ya jikoni hushikilia asilimia 75. Magnesi kloridi hushikilia 33, sodiamu bromidi karibu 58. Watengenezaji huchagua mchanganyiko unaotoa namba wanayoitaka, wanaufunga katika karatasi inayopitisha mvuke lakini haipitishi maji, basi. Ndiyo maana pakiti hizi ni tofauti kabisa na vile vifuko vya silika jeli tunavyovikuta kwenye viatu vipya. Silika hunywa tu, haishikilii kiwango hicho. Ukiitia kwenye bangi utaikausha hadi iwe vumbi.

Namba inayotafutwa nayo haikubuniwa na wauza pakiti. Mwaka 2018 shirika la viwango la ASTM lilitoa kiwango chake, D8197, kinachotaka hewa iliyotulia kandokando ya maua makavu ya bangi iwe na unyevu kati ya asilimia 55 na 65. Juu ya hapo kuvu huanza kupata nafasi. Chini ya hapo maua huwa makavu mno, vinyweleo vidogo vya utomvu vilivyobeba harufu na nguvu yake hukatika na kubaki chini ya kopo, na moshi hukwaruza koo.

Majina mawili ndiyo yanayokutwa karibu kila duka la bangi huku. Boveda, kampuni ya Minnesota, hutumia chumvi na maji, na kwa bangi huuza asilimia 58 na 62. Integra Boost, inayotengenezwa na Desiccare, hutumia giliserini ya mimea, na huuza 55 na 62. Kwa bei za rejareja za hapa, za kukadiria maana kila duka lina yake, pakiti moja ya gramu 8 ya Boveda ni kati ya dola 2 na 3 za Kanada. Integra ya uzito huo mara nyingi hupungua senti kadhaa, na huja na kikaratasi kinachobadilika rangi pakiti inapofikia mwisho. Boveda unaipima kwa vidole: ikiwa laini kama mto mdogo, ingali hai, ikiwa ngumu na yenye chembechembe, imekwisha. Mimi sioni tofauti ya kumfanya mtu alipe zaidi kwa jina. Kikaratasi cha Integra kinamfaa anayesahau, na kugusa kunamtosha aliye makini. Kosa ni kuchanganya namba mbili katika chupa moja. Ya 62 itatoa maji na ya 55 itayanywa, zitashindana usiku kucha hadi zote mbili zikwishe, na bangi haitakuwa imepata faida yoyote.

Kuhusu namba, msimamo wangu ni huu. Asilimia 62 huyapa maua ulaini na harufu ya kushtua pua mara unapofungua, na wanunuzi wengi huipenda kwa hiyo. Lakini vipimo vya bei nafuu hukosea kwa alama tatu hadi tano, na chupa inayopata joto na kupoa huyumba. Ukiwa 62, ule mpaka wa 65 uko jirani sana. Anayehifadhi kwa wiki chache achukue anayoipenda. Anayehifadhi kwa miezi achukue 58 au 55 alale kwa amani.

Sasa pesa. Hesabu inayotangulia zote ni ya chupa, na hapa ndipo jirani yangu alipopotezwa.

Chukua chupa ya kioo ya lita moja, zile za kusindikia matunda, yenye kifuniko cha chuma na ukingo wa mpira. Ukinunua kwa dazeni, moja inakugharimu dola 2 hivi. Ijaze aunsi moja ya maua, yaani gramu 28, na itabakiwa na takriban nusu lita ya hewa. Hewa hiyo, ikiwa na unyevu wa asilimia 60 katika joto la sebuleni, ina miligramu 5 za maji. Tano tu. Ukiifungua chupa na hewa yote ikabadilishwa na ile kavu ya nyumbani, umepoteza si zaidi ya miligramu 5. Fungua mara mbili kwa siku kwa siku 100, utakuwa umepoteza si zaidi ya gramu moja. Pakiti ya gramu 8 inaimudu hasara hiyo bila taabu, na ndiyo maana ndani ya chupa nzuri hudumu miezi miwili, mitatu, hata zaidi.

Geuza hesabu hiyo kwa kopo linalovuja. Kopo lile halipotezi maji linapofunguliwa tu. Linapoteza usiku na mchana, na pakiti iliyomo ndani inajaribu kuilowanisha nyumba nzima. Pakiti kumi haziwezi kazi hiyo. Mia haziwezi. Dola 20 na ushee alizotumia mama yule zingenunua chupa kumi za kioo. Alihitaji moja.

Njia ya kupima chupa haina gharama. Ifunge ikiwa tupu, kisha izamishe yote kwenye beseni la maji. Viputo vikitoka kwenye kifuniko utaviona. Wanaotumia tena chupa za achari wanuse kifuniko kwanza, kwa sababu ule mpira haujui kusahau. Bangi itakayokaa humo itanukia embe na bizari hadi mwisho wake.

Vipo pia vyombo vya chuma kisichoshika kutu, kama CVault, vyenye kishikilia pakiti ndani ya kifuniko. Ni imara na havipitishi mwanga, lakini bei yake huanzia dola 30 hivi kwenda juu. Chupa ya dola 2 ndani ya kabati lenye giza hufanya kazi hiyo hiyo. Dola 28 zinazobaki zinatosha pakiti za mwaka mzima, na zinabaki.

Nasisitiza giza kwa sababu mwanga ni mwizi mkubwa kuliko ukavu. Utafiti wa Fairbairn na wenzake, uliochapishwa Uingereza mwaka 1976, uliona kwamba mwanga, hata usio wa jua moja kwa moja, ndio uliongoza kwa kuharibu nguvu ya bangi, na kwamba iliyotunzwa vizuri gizani kwenye joto la kawaida ilidumu mwaka mmoja hadi miwili. Huko Chuo Kikuu cha Mississippi, Ross na ElSohly waliipima bangi iliyokaa kwenye joto la chumba. Mwaka wa kwanza ilipoteza karibu asilimia 17 ya THC, kemikali inayobeba nguvu hiyo, na kufikia mwaka wa nne asilimia 41. Hakuna pakiti ya unyevu inayozuia hilo. Chupa maridadi ya kioo cheupe iliyowekwa dirishani ipendeze, hata ukiitia pakiti ya bei gani, inaunguza mali yako polepole.

Na harufu? Hili ndilo ninalolijali zaidi, kwa kuwa ndilo linalouzwa kwa maneno matamu. Harufu ya bangi ni mafuta mepesi yaitwayo terpini. Sisi watu wa pwani tunayafahamu bila kuyajua jina. Limonini ndiyo ile inayoruka kwenye ganda la chungwa unapolimenya. Linaloli imo kwenye rehani. Kariofilini imo kwenye karafuu na pilipili manga. Mwaka 1996 Ross na ElSohly walipima mafuta haya katika maua ya bangi mabichi, kisha katika yaliyokaushwa na kuwekwa. Baada ya wiki moja yalikuwa yamepungua kwa asilimia 31, baada ya mwezi asilimia 45, baada ya miezi mitatu asilimia 55.

Soma namba hizo tena kwa macho ya mtu aliyeshika pochi. Hasara kubwa kuliko zote ni ya mwanzoni. Pakiti inayotiwa kwenye maua yaliyokwisha kukauka hurudisha maji, na maua hulainika, na mnunuzi akiyabonyeza hufurahi akidhani yamefufuka. Maji yamerudi kweli. Limonini haijarudi, imeshaenda zake na hewa ya sebuleni. Ni sawa na kunyunyizia maji karafuu ya miaka mitano: italowa, haitanukia. Anayeuza pakiti kwa ahadi ya kurudisha harufu anauza kisichokuwemo ndani ya pakiti.

Hata kurudisha maji tu kuna hesabu yake. Aunsi iliyokauka hadi ikabaki na asilimia 6 ya maji inahitaji gramu moja na nusu hivi kurudi kwenye asilimia 11. Hiyo ni sehemu kubwa ya maji ambayo pakiti moja ya gramu 8 inaweza kuyatoa. Kwa hiyo pakiti inayotumika kufufua hufa mapema, na unalazimika kununua ya pili ili kulinda. Tia pakiti siku unayofungua mfuko wa dukani, wakati maua bado yana hali yake, nayo itakaa miezi bila kazi nyingi.

Wapo watumiaji wanaolalamika kwamba pakiti yenyewe hunyonya harufu. Sikatai kwamba karatasi iliyokaa karibu na mafuta mepesi hushika harufu. Shika pakiti iliyotumika, unuse. Lakini ukilinganisha na harufu inayotoka kila unapofungua chupa, pakiti ni mwizi mdogo. Mwenye wasiwasi agawe bangi yake: chupa ndogo ya wiki hii, na chupa kubwa isiyoguswa. Kugawa huko hakumgharimu chochote zaidi ya dola 2 za chupa ya pili, na huokoa harufu kuliko bidhaa yoyote niliyoiona rafuni.

Kwa anayenunua gramu 3.5 na kuzimaliza ndani ya siku kumi, jibu langu ni fupi: usinunue pakiti. Umelipa pengine dola 25. Dola 3 za pakiti ni zaidi ya sehemu ya kumi ya bei yake, na hakuna utakachookoa ndani ya siku kumi kama kopo linafunga. Badala yake soma lebo. Sheria ya Kanada inataka tarehe ya kufungashwa iandikwe, na kuchagua kopo la mwezi uliopita badala ya la mwaka jana ni bure kabisa. Makopo mengine huja na kipakiti kidogo ndani. Kitazame, na kama bado ni laini kihamishie kwenye chupa yako.

Anayenunua aunsi na kuitumia kwa miezi miwili au mitatu, huyo pakiti inamfaa. Aunsi ya bei ya chini hapa haiko mbali na dola 90 au 100. Pakiti moja ya gramu 8 inatosha aunsi nzima. Akibadilisha mara nne au tano kwa mwaka, ni dola 8 hadi 15, kulinda mali ya dola 360 au zaidi. Anunue mbilimbili, si kumikumi, isipokuwa atazitunza kwenye mfuko wao uliofungwa vizuri. Pakiti iliyo wazi rafuni inaanza kufa siku hiyo hiyo.

Wakulima wa nyumbani, ambao sheria ya shirikisho inawaruhusu mimea minne kwa kaya na Alberta inakubali, wana hesabu yao. Kwao pakiti ya gramu 67, inayotosha karibu nusu kilo, kwa bei ya dola 8 hivi, ni senti 12 kwa gramu ya pakiti, wakati ndogo ni senti 30. Ila wasiitumie kama njia ya mkato. Maua yaliyofungwa mabichi hutoa maji mengi kuliko pakiti inavyoweza kunywa. Kwanza yakaushwe hadi kijiti chembamba kivunjike kwa mlio badala ya kupinda, kisha chupa zifunguliwe kila siku kwa wiki kadhaa. Wakulima wa karafuu Pemba wanaoianika na kuikusanya kila wingu linapotanda hawatashangaa kusikia kwamba hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya uangalizi huo.

Kuna wanaokwepa gharama kwa kutia ganda la chungwa, jani la saladi au kipande cha mkate. Nawaomba waache. Vitu hivyo hutoa maji bila kipimo na huja na mbegu zake za kuvu. Maua yenye kuvu, yawe na nyuzi nyeupe au unga wa kijivu au harufu ya chumba kilichofungwa, ni ya kutupa. Pakiti haiui kuvu. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu, mgonjwa wa saratani kwa mfano, kuvuta mbegu za aspajilasi kunaweza kuleta maradhi mazito ya mapafu, na baadhi ya wanaotumia bangi kwa cheti cha daktari ni watu wa hali hiyo. Kupoteza dola 100 ni nafuu.

Friji nayo siipendekezi, kwa sababu ukifungua chupa iliyo baridi kwenye jiko lenye joto na mvuke, maji yanaweza kujikusanya juu ya maua. Kwenye friza vinyweleo vya utomvu huwa kama kioo na huvunjika kwa mtikisiko.

Kitu kimoja zaidi kinastahili pesa: kipimo kidogo cha unyevu cha duara kinachoingia ndani ya chupa, dola 5 hivi. Usikiamini kabla ya kukipima. Jaza kisoda cha chupa chumvi ya jikoni, idondoshee maji hadi iwe kama tope, kiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko uliofungwa kwa saa nane. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 71, andika kwenye plasta "ongeza 4" na uibandike mgongoni.

Jirani yangu sasa ana chupa mbili za kioo, kipimo kimoja chenye plasta mgongoni, na pakiti moja ya asilimia 58, zote ndani ya kisanduku chenye kufuli juu ya kabati la nguo, kwa sababu wajukuu huja Jumamosi. Tulibandika tarehe ya 4 Januari kwenye kifuniko. Jana tuliifungua kwa sekunde chache. Kipimo kilikuwa 57, pakiti ilikuwa laini, na ndimu ilikuwepo.